Birindwa, Mwenye Kuvuta Rameur Kama Groupe

Mu quartier Murara nzima, hapa Goma, hakuna mutu alikuwa anajipenda kuliko Birindwa. Batu bengine banajipendaka asubui, bakiisha kunawa uso, basi. Yeye ilikuwa siku nzima, na akikuta kioo anaanza upya. Tee-shirt zake zote alizikata mikono, hata ile ya kuendea ku misa. Mikono ilikuwa minene kweli, hiyo tusimunyime. Lakini miguu yake sasa! Ungesema ni ya mutu mwengine, mutu mwenye njaa, mwenye alimuazimisha Birindwa na hajakuja kuichukua. Njo maana alikuwa anavaaka pantalon ndefu hata jua iwake namna gani.

Birindwa alikuwa moniteur, mwenye kuzoeza batu, mu salle ya sport ya Mama Henriette, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volcan, nyuma ya dépôt yake ya bière. Chuma za kununua zilikuwa chache mule. Zingine zilikuwa mikebe ya maziwa yenye bamejaza béton, na fimbo ya chuma katikati. Lakini kulikuwa kitu kimoja chenye kilifanya batu batoke mbali kuja kuchungulia: rameur. Ni mashini ya kupiga kasia ndani ya nyumba. Unaikaa ku kiti chenye kuteleza, unafunga miguu, unavuta mushikio wenye munyororo, chuma inazunguka mbele na upepo, na ka-écran kanakuambia umeenda mètres ngapi, na haujatoka hata kidogo pale ulikuwa. Muzungu mumoja mwanamuke, wa shirika, mwenye alikuwa anapanga kwa Mama Henriette, njo aliiacha pale siku ofisi yao iliambia batu bote bavuke mupaka bende Gisenyi, Rwanda, haraka, juu vita ilikuwa inakaribia. Alisema atarudi kuichukua. Banasemaka vile.

Majirani banacheka mpaka banachoka. Banasema lac iko pale chini, ya bule, na bavuvi banapigaka kasia kisha banarudi na samaki ndogo za sambaza. Birindwa anapiga kasia, anarudi na jasho.

Sasa, namna alikuwa anapiga ile kasia, eh, ilikuwa inafaa kulipisha batu ku mulango. Mu Goma kila mutu anajua kuwasha groupe, ile mashini ya kutoa courant ya umeme. Courant ikikatika, unashika kamba ya groupe, unakaza meno, unavuta na mukono na mabega yote mara moja: rrrap! Ikikataa, unapumuzika, unaitukana kidogo, unavuta tena. Groupe ya dépôt ilikuwa mikononi mwa Birindwa, na alikuwa muzuri, hata mara ya kwanza inaitika. Basi siku aliona rameur, akaona mushikio, akaona kitu cha kuvuta, ile akili yake ndogo ikasema: hii najua. Akavuta na mikono tu. Miguu yake, ile ya kuazima, ilikuwa imefungwa pale inaangalia kama wageni ku matanga. Anavuta rrrap, anapumuzika, anajiangalia ku kioo, anavuta rrrap.

Tena ku kando ya ile chuma kuko ka-levier ka namba, kutoka un mpaka dix, moja mpaka kumi, ka kuingizia upepo. Ukipandisha, inakuwa nzito. Birindwa aliiweka ku dix na akakataza mutu kuigusa. Alisema chini ya dix ni ya bagonjwa na bamama benye mimba. Akamaliza dakika moja, jasho inatiririka, batoto ba quartier banapiga mikono, ye anashuka kama mutu ametoka kushinda vita. Dakika ya pili? Hakuna mutu aliionaka.

Filozofia yake ilikuwa moja tu: puissance, nguvu ya mara moja. Endurance, ile ya kuvumilia mwendo murefu, alikuwa anasema, ni ya punda na ya batu ba kwenda ku soko na miguu. Na kama kuko mupya mu salle, lazima amusimulie Kiwanja. Ule mwaka wa vita ya M23 ya kwanza, Birindwa alikuwa mutoto, na famille yake ilikuwa inaishi Kiwanja juu papa yake, mutu wa kabila ya Bashi, wa Bukavu, alikuwa anafanya biashara ya maharagi pale. Risasi zikaanza kulia. Na yeye Birindwa akakimbia kutoka Kiwanja mpaka Kanyaruchinya, ku mulango ya Goma, kilomètres kama makumi sita, bila kusimama hata kunywa maji. Njo pale alielewa, anasema na macho yamefungwa kidogo, kama vita haingojake mutu wa endurance. Bapya banaitika kichwa. Nani ataenda kupima ile barabara?

Kisha akakuja Mama Kadidja.

Kadidja anauzishaka bitenge ku soko ya Birere, mutu wa famille ya Maniema, bwana yake chauffeur. Mugongo ulikuwa unamuuma juu ya kuikaa siku nzima, infirmier akamuambia atafute sport. Akaingia na pantalon ya mupana, kilemba ku kichwa, akaangalia mikebe ya béton, akaangalia Birindwa, akaangalia tena mikebe, kama mutu anachagua kati ya vitu viwili bya kufanana. Akaenda moja kwa moja ku rameur. Akashusha levier mpaka quatre, ine tu.

Birindwa akamuambia pale ni fashi ya wagonjwa. Kadidja akamuambia asante, yeye ni mugonjwa, njo maana amekuja.

Na yeye hakuvuta. Alisukuma. Miguu kwanza, kisha mugongo, mikono inakuja nyuma polepole kama mutu anavuta drap ku kitanda. Aliangalia ile namna ku téléphone yake siku nyingi mbele ya kuingia. Na akiwa anasukuma, anaongea. Kadidja bila kuongea ni redio bila pile. Anasimulia fundi mumoja wa Birere mwenye alichoma robe ya bibi-arusi na fer ya kunyosha nguo, akaificha ndani ya mukeka, akaenda mwenyewe ku arusi kama mualikwa ili aone watafanya nini. Salle nzima inaacha mikebe chini, inamuzunguka. Anaenda, anaenda, nusu saa inapita, robe haijapatikana, ye hata hahemi.

Birindwa akaiita ile radio-trottoir, maneno ya barabara. Alisema mama huyu hafanye sport, anafanya mikutano. Kadidja akamueleza bila kusimama kama kuongea njo compteur yake: akiwa anaongea bila maneno kukatikakatika, iko mwendo ya kufika mbali, na pumuzi ikianza kukata maneno, amekimbiza sana. Lakini siku mbili ku wiki anaingia, anasema leo redio imezimwa, na hapo hakuna hadisi. Anasukuma kidogo na nguvu yote mpaka uso unabadilika, anarudi polepole, anasukuma tena. Siku ile hata Mama Henriette anapita na vidole bya miguu.

Birindwa hakuona kitu mule. Aliona tu kama batu banamuzunguka Kadidja na ku kioo amebakia peke yake.

Sasa hôtel moja ku bord ya lac ikatangaza mashindano: kila salle ya Goma ilete mutu mumoja, deux mille mètres ku rameur, ni kusema elfu mbili, mwenye kufika mbele njo anashinda. Mama Henriette, mwenye hakuwaka na maneno mingi, akasema mu salle yake batapima, na mwenye atashinda njo ataenda. Kisha akaongeza, akiwa anahesabu casiers za chupa za bière, kama mwenye ataenda njo atakuwa moniteur, juu hawezi kuwa na moniteur mwenye anashindwa na client. Akaendelea na casiers zake.

Na moniteur njo kitu moja tu yenye Birindwa alikuwa nayo. Diplôme hana, moto ya magurudumu mbili hana, sauti ya kuimba hana. Bakimuita "moni" ku barabara, anageuka polepole ili bapate wakati wa kumuangalia. Bila ile jina ni kijana mumoja wa kuwasha groupe.

Mutu wa akili angeanza kuzoeza miguu. Yeye akaongeza mikebe. Asubui mikono, mangaribi mikono. Bakimuambia deux mille ni mbali, anajibu ataimaliza mbele pumuzi haijajua kama imeanza. Na bapya bakizidi, Kiwanja inazidi: sasa alikimbia na mufuko wa maharagi ku bega.

Siku moja alikuwa ku ile fashi ya mufuko, salle imejaa, na mama yake, Mama Marcelline, alikuwa amekuja kumupatia ufunguo ya nyumba. Akasimama ku mulango, akasikiliza mpaka mwisho na heshima yote, kama mutu eko ku kanisa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Ulikimbia kweli, mwana yangu. Ulitupita siye bote, hata basoda ba serikali. Mpaka Rutshuru, pale tu karibu. Kisha ukaikaa chini ku rond-point, ukasema miguu imekufa. Nilikubeba ku mugongo mpaka Kanyaruchinya, na matelas ku kichwa. Na ulikuwa umeshaanza masomo ya primaire."

Akamupa ufunguo, akaenda.

Hakuna mutu alicheka mara moja, na ile njo ilikuwa mubaya. Balingoja mama afike inje kwanza. Kadidja peke yake hakucheka; alimuangalia Birindwa namna anaangaliaka kitenge yenye itachuja rangi. Akamuambia asikie: mama yake njo sportif wa ile famille. Na akamuambia neno lingine, na hili alilisema chini, juu hakutaka kumuua kabisa:

"Groupe, ukiivuta vizuri, inachoma mafuta yake ya essence, inabakia inanguruma yenyewe. Hii rameur haina essence ndani, petit. Essence ni weye."

Birindwa alijibu kama yeye hafundishwake na batu ba bitenge.

Siku ya kupima Birindwa na Kadidja, ilikuwa samedi, mabomu yalikuwa yanalia upande wa Sake, mbali, mbao za salle zinatetemeka kidogo, na hakuna mutu aliinua kichwa. Mama Henriette aliikaa ku casier, téléphone mukononi ili apige photo ya écran. Birindwa akataka kuanza. Alisema ataweka alama, na Mama Kadidja aifukuze kama anaweza.

Levier ku dix. Rrrap. Rrrap. Ile mètres ya kwanza, tuseme kweli, ilikuwa ya kuogopesha. Chuma ilikuwa inalia kama ndege, munyororo unapiga, na bavijana bakaanza kusema pengine tulimucheka bule. Ye mwenyewe akageuza macho ku kioo, akajiona, akaongeza. Haikufika hata nusu. Kwanza shingo ikavimba. Kisha kinywa ikafunguka na ikakataa kufunga. Mikono, ile mikono ya kuchongwa na béton, ikaanza kufunguka yenyewe ku mushikio, kidole kwa kidole. Akasimama, akasema kamba ya soulier ya ku muguu imefunguka. Soulier yake haikuwa na kamba. Akavuta tena, akasimama, akaomba bafungue dirisha. Dirisha ilikuwa wazi. Nyuma yake mutu mumoja akauliza polepole kama tumuitie Mama Marcelline. Akamaliza, ndiyo, alimaliza, kama mutu anavuta ngombe yenye imekufa, na akateleza toka ku kiti, akalala chini. Wakati wote ule miguu haikufanya kazi hata ya faranga moja, na bado njo ilikuwa inatetemeka kuliko zote.

Kadidja akapangusa mushikio na kitambaa, namna unapangusaka kitu kyenye mutoto amechezea. Levier ku quatre. Alianza polepole mpaka bavijana bakaangaliana. Akamuuliza Mama Henriette habari ya mume wake, kama amerudi kutoka Bukavu, akajibiwa, akajibu jibu. Mu katikati alikuwa tu vile vile, sukuma, vuta, rudi, na jina ya fundi wa Birere ikapita tena kidogo. Kisha, kama mutu amefunga mulango, akanyamaza. Redio imezimwa. Miguu ikaanza kupiga, kiti inakimbia, kilemba kikalegea akakiachia, na ile mètres ya mwisho aliikula na nguvu yenye alikuwa ametunza mwanzo wote, pale Birindwa yeye alikuwa anaitupa yake mbele ya kioo. Mama Henriette akaangalia photo mbili pamoja ku téléphone, ya Birindwa na ya Kadidja, hata hakuona maana ya kusoma kwa sauti. Kadidja alikuwa amemuacha mbali sana.

Kutoka chini, Birindwa akasema ni juu yeye alikuwa ameipasha mashini moto. Ya mutu wa kwanza inakuwaka baridi.

Mama Henriette akamuambia: "Simama, baba. Groupe inakungoja, courant imekatika."

Kadidja akaenda ku mashindano ya lac, akarudi na médaille ya mutu wa tatu, akaitundika ku musumari, na lundi njo moniteur mupya, akaanza kuandika majina ya batu ba asubui. Bote bakangoja Birindwa ahamie salle ingine. Salle ya kuwa na kioo haikosekanake. Lakini pale kwingine hawana rameur, na kwingine nani atamuita moni? Mercredi akaingia, pantalon mupya, akaikaa ku kiti chenye kuteleza bila kuangalia mutu. Kadidja akashusha levier, akamugusa goti na kidole kimoja. Hapa, akamuambia. Birindwa akasukuma. Mbaya, lakini akasukuma.

Na ilikuwa inafaa iishe pale, ikuwe nzuri. Lakini ni Birindwa. Wiki haijaisha, kijana mumoja mukimbizi wa Rutshuru akaingia mara ya kwanza, akashika mushikio, akauvuta na mikono. Birindwa akamusimamisha na huruma kubwa. Akamueleza kama puissance bila endurance ni bule, kama kwanza ni miguu, kama mutu akishindwa kuongea amekimbiza sana. Akasema yeye aliona ile zamani, batu bakamubishia. Kisha akageuka, akamuona Kadidja amesimama nyuma yake na mikono ku kiuno, na akamuambia naye asogee karibu kidogo, juu hii inaweza kumusaidia.