Koja la Girijamma

Siku ya kumi na moja baada ya Javaraya kufariki, wanawake wa ukoo wake walikuja kumvua mjane wake mapambo, kama ilivyo desturi. Walibeba jiwe la kuvunjia bangili za kioo na bakuli la maji ya kufutia doa jekundu la kwenye paji la uso. Girijamma aliwapokea vizuri, akawatandikia mkeka, akawapa kahawa ya maziwa. Kisha akakunja mikono, viganja akavibana makwapani, akawaambia wakimaliza kunywa waende zao.

Wifi yake Lakkamma, dada mkubwa wa marehemu, alidhani ni uchungu tu unaosema. Akambembeleza, akamkemea, mwisho akamvuta mkono. Mkono haukutoka. Mtu aliyefunga maua tangu utotoni ana vidole vigumu kama koleo, na Lakkamma si mwanamke wa nguvu.

"Kidani hiki cha ndoa Javaraya alinifunga mafundo matatu mbele ya watu," Girijamma alimwambia. "Wifi yangu, hukumsaidia kufunga, basi usijisumbue kunifungulia."

Jiwe likarudi nyumbani lilivyokuja, na kabla ya jua kuzama Maradihalli nzima ilikuwa na habari. Kesho yake Girijamma alifungua kibanda chake cha maua mbele ya hekalu, bangili mkononi, doa usoni, na asumini nyweleni. Hilo la asumini ndilo lililowauma watu kuliko yote. Mjane aruhusiwa kuchuma maua, kuyafunga, kuyauza na kuyabeba kikapuni mchana kutwa, lakini akichomeka moja kichwani mwake, mji umechafuka. Anayeielewa hesabu hiyo na aje anifundishe, maana nimeishi hapa miaka yote na bado inanishinda.

Alikaa kitako, utepe wa mgomba ameubana kwa kidole gumba cha mguu, akifunga maua mawili mawili bila kuyatazama. Maua kwetu huuzwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na wake ulikuwa mkono mrefu, hakupunja mtu. Fundo lake lilijulikana. Msichana angelala na maua ya Girijamma, agaegae usiku kucha, na asubuhi asiokote hata moja kwenye mto wake wa kulalia. Sasa wateja walianza kuvuka barabara kwenda kwa muuzaji mwingine, ambaye maua yake yalipukutika kabla hujafika nyumbani.

Mteja mmoja hakuvuka barabara. Alikuwa Bibi Akkayamma, aliyefiwa na mume wakati mwanawe wa pekee angali anatambaa, na mwana huyo leo ni Shivanegowda, mwenye kinu cha kahawa na mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Kila Ijumaa bibi huyu alinunua mkono mmoja wa asumini, akaupeleka puani, akaukalisha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha husema, ingawa hakuna aliyemuuliza, "Ni ya miungu." Girijamma humwongezea kipande.

Mwezi wa Ashwija ukafika, mwezi wa kumfungulia Huttamma. Mungu wetu huyu hana uso wala mikono, ni kichuguu chenye rangi ya damu ya mzee, na anatuona mara moja tu kwa mwaka, siku chache kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa. Siku ya kufunga huachiwa taa inayowaka na koja shingoni, ikiwa kichuguu kina shingo, na mlango haufunguliwi tena hadi mwaka upite. Koja hilo hufungwa na ukoo wa Javaraya tangu zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Niseme kweli: walifunga wanawake, wanaume wakabeba na kusifiwa.

Shivanegowda alikuja kibandani mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akasifu maua, akamsifu marehemu, akazunguka mbuyu mpaka Girijamma akamwambia aseme. Ndipo akasema kwamba koja la kukaa na mungu gizani mwaka mzima haliwezi kutoka mikononi mwa mjane, na kwamba ameagiza lingine kutoka mjini Mysore, kubwa, la kisasa. Yeye Girijamma angepewa nafasi nzuri kwenye foleni.

"Dada, usinielewe vibaya. Si mimi, ni desturi."

"Desturi ni yangu, Mwenyekiti. Wewe una funguo tu."

Aliondoka amenuna. Girijamma akanunua asumini zote zilizoingia sokoni asubuhi ile, akaketi kufunga. Alikuwa na hofu, asikudanganye mtu. Likipita koja la Mysore mwaka huu litapita kila mwaka, na mikono iliyofunga vizazi na vizazi itabaki ya kupimia maua ya wapita njia. Javaraya hakumwachia shamba wala mtoto. Alimwachia mlango ule.

Siku ya kufungua, uwanja ulijaa hadi kwenye matawi ya miti. Ngoma zilipigwa, mtu wa ukoo wa upanga akaja na kuukata mgomba mbele ya mlango kwa pigo moja, shina likaanguka likitoa maji, na mlango ukafunguliwa. Ndani taa ilikuwa inawaka. Koja la mwaka jana lilikuwa mahali pake. Wanaosema maua yalikuwa mabichi kama ya jana wanatia chumvi, lakini hayakuwa makavu pia, na hakuna hata moja lililokuwa chini.

Girijamma alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, kikapu kichwani. Pembeni wanaume wawili walilishika koja la Mysore, nene kama tairi la trekta, limegandishwa kwa gundi. Kuhani Srikantaiah, mzee mpole anayechukia makelele, aliangalia huku, akaangalia huku, akamwangalia Mwenyekiti.

Hapo Shivanegowda akafanya alichodhani ni werevu. Akapaza sauti kwamba yeye hamnyimi mtu haki, basi tumuulize mungu mwenyewe. Sote tunajua anavyoulizwa. Kabla maua ya mwaka jana hayajaondolewa, swali la mji huwekwa mbele yake, na watu hungoja ua lianguke. Likianguka kulia, amekubali. Likianguka kushoto, amekataa. Na kila mtu Maradihalli anajua, ingawa si adabu kusema, kwamba kichuguu kimeegemea kushoto.

Kuhani akawasha kafuri, akauliza kama koja la mjane liingie. Ngoma zikanyamaza. Watu elfu moja walitazama maua.

Halikuanguka hata moja.

Akauliza mara ya pili. Jua lilikuwa utosini, foleni ikaanza kusukumana ndani ya uzio wa mianzi, watoto wakalia. Akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, pengine mungu hakusikia. Kimya. Zamani kulikuwa na maua ya kumwagwa juu ya kichuguu, nayo yalianguka yakipulizwa tu. Lakini mwaka jana Mwenyekiti aliyapiga marufuku, akisema yanaharibu picha, akaagiza liachwe koja peke yake. Koja lenyewe alilifunga Girijamma.

Minong'ono ikapita kwenye foleni kama chungu waliopata sukari, halafu mtu akacheka. Jasho lilimtoka Shivanegowda mpaka shati likamganda. Swali likishaulizwa, koja la zamani haliguswi hadi jibu lije, na hilo la Mysore lilikuwa limeanza kulegea kwenye gundi yake. Akashuka ngazi mbili, akamwinamia Girijamma.

"Dada, panda ulegeze kidogo. Kidogo tu, mungu apate kusema."

"Silegezi."

"Watu wanaungua na jua."

"Wanaungua kwa swali lako," Girijamma alisema, na sasa hakunong'ona. "Nilipokuwa na mume mliwahi kumuuliza mungu kama anataka maua yangu? Hata siku moja. Mimi nilimfunga mungu wenu mafundo yasiyofunguka, na mume wangu alinifunga hivyo hivyo. Kama mna haraka, pandeni wenyewe mkachomoe ua kwa mkono, kila mtu aone ni mkono wa nani."

Hakuna aliyepanda. Kuhani alitazama miguu yake. Lakkamma, aliyekuwa mbele kabisa kwenye foleni, alimtupia wifi yake jicho la kumwangamiza. Kunyamaza kwa mungu hakukuwa ushindi. Mwenyekiti angeweza kuahirisha, kuita kikao, kuleta kuhani mwingine, na kikapu cha Girijamma kingenyaukia pale pale kichwani.

Ndipo uzio wa mianzi ukainuliwa. Bibi Akkayamma alitoka chini yake ameinama, sari yake nyeupe ina vumbi, akaja moja kwa moja hadi kwenye ngazi. Mwanawe alidhani anazidiwa na jua, akamkimbilia. Bibi akampita.

"Nipimie mkono mmoja," akamwambia Girijamma.

Girijamma alitua kikapu. Pembeni mwa koja kulikuwa na asumini zilizobaki, akazipima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaongeza kipande kama kawaida, akakata.

"Ya miungu, bibi?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Ya kwangu."

Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, na vidole havikukumbuka tena njia. Alihangaika nyuma ya kisogo, asumini zikaning'inia vibaya upande mmoja, akahangaika tena. Hakuna aliyecheka. Girijamma alitaka kumsaidia, lakini akaona si msaada unaohitajika, akatulia. Mwishowe yakakaa. Bibi akageuka wamuone wote, halafu akamtazama mwanawe.

"Umemuuliza mungu mara tatu, Shivanna. Mimi mamako hukuniuliza hata mara moja."

Kufukuza mjane mwenye maua sasa kulikuwa ni kumfukuza mama yake mbele ya mji mzima, na hilo hata Mwenyekiti hakuliweza. Huko nyuma kwenye foleni mwanamke mmoja aliita aletewe mkono mmoja, kisha mwingine, wote wajane wasiovaa rangi. Kuhani Srikantaiah akashuka, hakumwangalia mtu, akakichukua kikapu cha Girijamma kwa mikono miwili na kupanda nacho.

Koja la zamani likavuliwa zima zima, bila kungojwa jibu tena, bila kuacha ua. Jipya likavishwa, na kwa kuwa Javaraya hakuwapo tena kuunga ncha, kuhani akamwita mwenye kazi aje kuziunga. Mwanamke wa ukoo ule hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Girijamma alivuka, bangili zikilia, akapiga magoti kwenye joto la taa.

Akafunga fundo la mwisho, akalivuta, akalivuta tena kwa nguvu zake zote. Wakitaka kumuuliza mungu mwakani, watangoja sana.