Mkono Wangu Umezikwa Kabla Yangu

Bismillahi. Haya naandika kwa mkono wa kushoto, basi mwandiko msinicheke. Shule niliishia darasa la pili. Baada ya Mapinduzi nilipata eka tatu hapa Wingwi, na kila nilichonacho nimekichuma kwa mikono yangu. Ilikuwa miwili.

Msimu mmoja wa karafuu tawi lilinikatikia. Nikaanguka, mkono wa kulia ukavunjika. Hospitali nikakataa, nikenda kwa fundi wa mifupa. Akaufunga mabanzi, vijiti vya kunyoosha mfupa. Nikamwambia, "Kaza!" Akasita. Nikamtukana, akakaza.

Siku ya tatu vidole vikavimba, vikawa baridi. Ya tano vikawa vyeusi kama karafuu kavu. Mke wangu, Bi Mize, akasema, "Baba Asha, mkono unanuka." Nikamwambia ni dawa. Nzi walijua kabla yangu.

Mwisho wakanipeleka hospitali; daktari akayafungua mabanzi, akageuza uso. "Bwana, mkono au roho? Chagua sasa hivi."

Wakakata juu ya kiwiko. Shemegi yangu Faki, nduguye Bi Mize, akauvika kipande cha bafta, kitambaa cha sanda, akauzika makaburini kwetu. Jeraha likapona. Ugonjwa wenyewe ndo ukaanza. Vidole vile nikavihisi kule chini vimekaza ngumi, kucha zinaniingia kiganjani, mchanga umejaa baina yake. Kila asubuhi nikenda kukaa karibu na kile kituta. Nikaona nafasi iliyobaki ubavuni pake inanitosha.

Na kula je? Mkono uliobaki ndo wa chooni. Nikawa nakula peke yangu nyuma ya nyumba, uso ukutani. Mwisho nikaacha kula. Nilimsikia Bi Mize akimwambia Faki, "Kaka, huyu anaufuata mkono wake." Hakukosea.

Kukawa na hitima kwa jirani, kisomo cha kumrehemu maiti wao, na chakula chake. Kombo, niliyekuwa nikichuma naye, akanishika kanzu akanikalisha siniani. Nikatia mkono wa kushoto kwenye wali. Mtu mmoja akainuka. Akaliacha sinia. Miguu yangu ikataka kuinuka pia, na mie najua ingenipeleka wapi.

Kombo akanibana goti. "Kaa! Wa kulia ushatangulia ahera, huu wa kushoto umepanda cheo." Akanisogezea nyama. "Na yule aliyeinuka katuachia fungu lake, Mungu amjaalie."

Wakacheka. Nikacheka na mie, wali ukanipalia, machozi yakanitoka, nikala.

Namshukuru Mungu, kisha daktari, kisha mke wangu niliyempuuza. Vidole bado vinakaza, mvua ikinyesha hasa. Wewe uliyevunjika, ukivimba chini ya mabanzi, yafungue. Mie kilichonikata ni kiburi, fundi hana kosa. Wewe uliyekatwa, usile kwa kujificha. Huko ndiko mauti yanakokuvizia. Na nyinyi wenye mikono miwili, mtu kama mie akikaa siniani, msiinuke. Hamjui atakwenda wapi akiondoka hapo.