Tulimficha Deo Goziba

Mwanangu, nimesikia mnapanga kumpeleka mdogo wako kisiwani ili aache kuvuta unga. Nani kawapa wazo hilo? Hebu keti hapa kwa shangazi yako. Ujinga huo niliufanya mimi kabla yenu, na siku niliyoumbuliwa naikumbuka kama jana.

Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha shule ya kijijini Kimwani. Mdogo wangu Deo akarudi kutoka Mwanza akiwa teja, amekonda, hashikiki. Baba akaogopa majirani na watu wa jumuiya ya kanisani. Tukakaa kikao cha ukoo, sisi wenye akili zetu, tukaamua aende Goziba kwenye kambi ya wavuvi. Kule ni maji pande zote, tulisema, atakimbilia wapi? Atavuta nyavu, atachoka, atasahau. Mimi ndiye niliyempandisha kwenye boti. Nikampungia na mkono, jamani!

Basi kila aliyeuliza tukamwambia Deo ni mvuvi sasa, anaendelea vizuri. Hatukujua lolote.

Jumapili moja akaja Ma Paskazia, muuguzi mstaafu wa Rwamishenye, rafiki wa mama. Nikampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni yeyote, nikaanza kumsifia Deo wetu. Akazirudisha zile punje kikapuni. Kwetu mgeni akikurudishia kahawa, ujue umeharibu.

"Angekuwa na kifua kikuu mngempeleka akavue dagaa?" akaniuliza. "Mwalimu mzima! Mlimpeleka kutibiwa au kufichwa?"

Mama akaanza kulia.

Ma Paskazia aliulizia mwenyewe. Kumbe Bukoba mjini kulikuwa na nyumba ya watu walioacha unga, wanaishi na wagonjwa miezi kadhaa, na daktari anafika. Njia ya nyumba ile nilikuwa naipita kila nikienda mjini! Sikuwahi kuuliza, maana kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kwetu kuna teja.

Nikapanda boti kumfuata Deo. Nilimkuta amelala nyuma ya vichanja vya dagaa, arosto ya kukosa unga inamtetemesha, wenzake wanamnywesha gongo ati apunguze maumivu. Aliponiona akajikongoja kukaa.

"Dada, nani amekufa?"

Hakuwaza kabisa kwamba tungemfuata kwa ajili yake yeye. Swali hilo linaniuma mpaka leo. Deo alikaa kwenye ile nyumba, akatoroka, akarudi tena, akapata nafuu polepole. Yupo hai, lakini hakupona kwa akili zetu sisi.

Sasa nisikilize. Uliza waziwazi, hospitalini, kanisani, popote, wala usinong'one. Ukiambiwa kuna nyumba, fika uione kwa macho yako. Uliza kama imesajiliwa, kama kuna daktari, kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa. Ukikuta minyororo na fimbo, ondoka naye, hata wakikwambia ni sehemu ya maombi. Minyororo ni dawa ya nini? Na akishaingia pazuri, usimtelekeze. Nenda kila unapoweza, na akianguka mrudishe bila matusi. Aibu ni yenu, msimbebeshe mgonjwa.

Hao wajomba na baba zako wadogo waliopanga safari ya kisiwani, waambie mimi nimekataa. Wakibisha, waje hapa kwangu.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na miguu ya kufika, mwanangu. Mdogo wako apone, mle naye ndizi za nyumbani mpaka mzeeke wote wawili.