Ramani Iliyobaki Chini ya Kifuniko

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama alikuwa akisema mdomo wangu unafika mahali kabla ya miguu yangu, nami nikimcheka. Siku hizi simcheki.

Miaka ile nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi katika kiduka kimoja karibu na paki ya teksi, Kasese mjini. Maombi ya kazi, hati za kuuziana shamba, karatasi za wakimbizi, vyote vilipita mikononi mwangu. Baba alikuja zamani kutoka mbali kufanya kazi mgodini, kwa hiyo nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili, lugha ambayo majirani waliiita ya askari na wezi. Waache waseme. Kijitabu chetu tulikiandika kwa lugha hiyohiyo.

Tulikuwa wanawake watatu. Mmoja alikuwa mkulima wa kahawa wa Kyarumba, mama mtu mzima ambaye hakusoma sana, lakini akianza hadithi unasahau chungu jikoni. Mwingine alikuwa fundi cherehani wa Bwera, karibu na mpaka, mkimbizi kutoka upande wa Beni, Kongo, mjane wa watoto wawili. Mkono wake kwa kuchora, jamani, sijaona mwingine. Wa tatu mimi, mwenye mashine. Sheria yetu ilikuwa moja: kila toleo liwe na dunia ambayo haipo, na katika dunia hiyo mwanamke asiombe ruhusa. Toleo la kwanza lilikuwa na wasichana wanaozaliwa shamba la kahawa limeshaandikwa majina yao. La pili lilikuwa na njia za mlimani zinazoshuka zenyewe kumpokea mwanamke mzigo wa kichwani. Mimi nilitoa kurasa na kuzikunja, na kwa kuwa stepla haifiki katikati, fundi alizipitisha chini ya sindano ya cherehani. Mshono mmoja mweusi, basi, kitabu. Shemeji yangu mmoja alikisoma akatuita wachawi wenye kalamu. Tulifurahi wiki nzima.

Toleo la tatu lilikuwa la nchi ya wanawake. Mimi ndiye niliyesema, sitamsingizia mtu: "Nchi bila ramani ni porojo. Chora ramani." Fundi akachora. Akaishika milima yetu yote, ya huku na ya Kongo, akaizungushia mstari, akaipa bendera ya kitenge. Mito akaipa majina ya bibi zetu. Pale mpakani penye kizuizi akaweka cherehani, na mwanamke ameketi anashona, hamwulizi mtu anakokwenda. Nilipoiona nilitokwa machozi.

Wewe ambaye hukuishi Kasese mwaka ule huwezi kujua upumbavu wetu. Miezi michache nyuma kulikuwa na mapigano mjini, watu walikufa, wanajeshi walikuwa kila njia panda, na watu walikuwa wakishikwa kwa neno moja tu, kwamba wanataka kukata milima wafanye nchi yao. Na sisi wanawake watatu wenye akili timamu tumekaa tumechora milima, mstari na bendera! Hakuna aliyestuka. Tulikuwa tunawaza mito na bibi zetu.

Na kuna baya zaidi, nalo ni langu peke yangu. Katika kazi ile hatutupi kopi iliyoharibika ikiwa nyuma bado ni nyeupe. Hizo ndizo nilizokuwa nikimpelekea fundi achoree. Ramani ile aliichora nyuma ya kopi iliyotoka nyeusi mno, kopi ya karatasi yake mwenyewe ya ukimbizi. Upande mmoja nchi mpya na bendera yake. Upande wa pili sura ya fundi, jina lake na nambari yake.

Ijumaa moja niliomba ruhusa kazini, nikaenda Bwera na kurasa zote. Saa nane mchana tulikuwa chumbani kwake, cherehani inakwenda, mama wa Kyarumba anakata nyuzi, vitabu vinalundikana mkekani. Fundi akasimamisha mguu.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, dada mkubwa. "Ile ramani yenyewe, ile ya mukono, nipatie nichome. Kitabu haina jina ya mutu. Ile iko na jina yangu na picha."

Nikafungua bahasha niliyotia kurasa za mkono. Nikaimwaga yote. Nikapekua tena, na tena. Haimo. Ramani ilikuwa ukurasa wa mwisho kutolewa jana jioni. Nilizikusanya kopi kwa furaha, nikazima mashine, nikaondoka, na karatasi yenyewe ikabaki juu ya kioo, chini ya kifuniko. Dukani tuna boksi zima la vyeti na vitambulisho ambavyo wateja walisahau hivyohivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasema.

Nisipokuwapo mashine haikuguswa na mtu, isipokuwa mmoja. Kila Ijumaa, yapata saa kumi, afande mmoja alikuja na karatasi ambazo hakuruhusu mtu azishike. "Toka hapo, mama," ndiyo salamu yake. Alifungua kifuniko mwenyewe, akapanga mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Leo angefungua na kukutana uso kwa uso na fundi wetu.

Niliyasema yote hayo nimesimama, kwa pumzi moja. Nilimpigia mwenye duka, simu imezimwa. Na hata angepokea, ningemwambia nini? Kila mtu aliamini simu zinasikilizwa.

"Tulia kwanza," mama wa Kyarumba akasema. "Mwenda pole hajikwai."

Nikamlipukia, mtu wa umri wa mama yangu. "Pole gani? Wakimfunga, watoto wake utawalea wewe?"

Fundi hakulia. Alikuwa amekamata gurudumu la cherehani kwa mkono, kama vile lingeweza kuzunguka lenyewe. "Tungoje kwanza," akasema. "Batoto beko ku masomo."

"Usingoje!" Nilimshika bega, nakumbuka nilimshika kwa nguvu. "Leo ni siku ya soko Mpondwe, hapo mpakani, watu wanavuka makundi kwa makundi, hakuna anayeuliza karatasi. Watoe watoto shuleni, vuka, kaa kwa dada yako pale Kasindi. Siku mbili tu. Mambo yakitulia nitakupigia."

"Kule miye sirudie, yaya." Alilisema polepole. Tulijua sababu. Mume wake aliuawa kule shambani, na alitusimulia mara moja tu, hakurudia.

"Kasindi si Beni," nikasema. "Kasindi ni hapo tu. Unataka watoto wakuone na pingu?"

Alinitazama kidogo, kisha akainama kuvuta begi chini ya kitanda. Mimi huyo, nje, nikaita boda inirudishe Kasese.

Njia yote nilikuwa naomba umeme ukatike. Haki ya Mungu, mimi niliyezoea kuutukana umeme kila siku niliuombea ukatike Kasese nzima. Dereva alitaka kusimama anunue maji, nikamfokea. Kwenye kizuizi cha Kikorongo mwanajeshi aliuliza natoka wapi, nikajibu naenda wapi. Akarudia swali. Nikasema nimetoka msibani, na uso wangu bila shaka ulimtosha, akatupungia tupite. Saa kumi ilikuwa imepita tayari.

Umeme ulikuwapo. Niliisikia mashine kabla sijaingia. Afande alikuwa amesimama hapo, karatasi zinatoka moja moja, na mwenye duka ameketi kwenye kona anachezea simu yake iliyokuwa kwenye chaji. Ramani ilikuwa mezani, sura ya fundi ikiangalia juu.

"Wewe mama," afande akasema, bila kugeuka. "Hii ni ya nani?"

"Ya mteja, afande."

Akaichukua, akaigeuza. Niliona macho yake yakipita juu ya milima, mstari, bendera. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Nani alichora?"

Mdomo wangu huo, ambao haujawahi kunyamaza, siku hiyo ulifungika.

"Mtoto wake, siyo?" akasema. "Anajua kuchora. Ingekuwa na rangi ingekuwa nzuri zaidi." Akanikabidhi. "Mpelekee karatasi yake huyo mama. Bila hii atasumbuliwa njiani."

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ni kazi ya mtoto. Ya shule."

Akalipa, akaenda zake. Nilikaa chini nikacheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika vibaya sana. Tumetetemeka kama watu wanaopanga vita, kumbe machoni pake ni mtoto anacheza na kalamu. Na mimi nimeitikia! Mwenye duka aliniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Nikampigia fundi. Haipatikani. Nikapiga tena mpaka giza likaingia. Asubuhi nilirudi Bwera. Mlango ulikuwa na kufuli, na mama wa Kyarumba ameketi kizingitini na vitabu vyote ndani ya gunia. Alikuwa amelala hapo kwa jirani akitungoja sisi wote wawili. Hakunigombeza. Alisema fundi alivuka saa tisa na nusu, na watoto, katikati ya watu wa soko.

Kasindi dada yake hakuwapo. Alikuwa amehamia Beni mwezi uliopita, na fundi akamfuata, maana usiku ulikuwa unaingia na watoto hawakuwa na pa kulala. Hayo niliyajua siku ya tisa, simu iliponijia kwa nambari ya Kongo.

"Yaya, walikukamata?" Ndilo swali lake la kwanza.

"Hapana. Nipo. Rudi, hakuna kitu, rudi leo!"

"Barabara imefungwa. Kuko na bitu mbaya huku. Tunalala ku kanisa." Nilisikia watu wengi nyuma yake, na mtoto akikohoa. "Niambie. Afande aliona ramani?"

"Aliona."

"Alisema nini?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini mimi ndivyo nilivyo, lililo moyoni liko mdomoni. "Alisema ni kazi ya mtoto. Alisema nikupelekee karatasi yako, usisumbuliwe njiani."

Nilidhani simu imekatika, nikaita, nikaita tena.

"Niko," akasema. Kisha, taratibu, bila hasira yoyote, na ingekuwa afadhali angenitukana: "Ungenidanganya tu, yaya."