Heshima ya Mwalimu Mzee

Wanafunzi walimbandika mwalimu mkuu wao jina la Rula, kwa sababu mama yule hakupindika. Ukichelewa umechelewa, hata uwe mtoto wa dada yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyempindisha: mwalimu mzee wa jiografia, aliyemfundisha kusoma ramani alipokuwa msichana, tena akaenda kumbembeleza baba yake asimwachishe shule.

Mwezi wa pili, kiranja wa kidato cha nne alibisha hodi ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, ni kuhusu jiografia. Hii wiki ya tatu tunachora mto uleule. Tukimwambia, anafuta ubao anaanza upya."

Rula alijua. Alikwisha kumkuta mzee amesimama ukumbini, chaki mkononi, akitafuta darasa alilolifundisha miaka ishirini. Lakini alimkatiza yule binti.

"Umekuja shule kusoma au kumpima mwalimu wako? Huna adabu! Rudi darasani."

Binti akaondoka akitazama viatu vyake. Rula akajiambia kwamba amelinda heshima. Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Mwanaharamu hakupita. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, wanafunzi wote thelathini na wanane walikuwa wameanguka jiografia. Kiranja, aliyekuwa akitamani chuo cha upimaji ardhi, alikosa nafasi kwa somo hilo moja.

Alasiri ya siku hiyo Rula alikwenda kwa mzee, akamweleza yote bila kuficha.

"Mwanangu," alisema mzee, "nilihisi akili inanitoka. Nikawa nakungoja wewe uniambie. Nilipoona husemi, nikadhani bado nafaa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matokeo.

Kesho yake alisimama mbele ya walimu wote, akakiri kwamba alionywa na mwanafunzi naye akamfukuza. Akatangaza kuwa kila Jumamosi atawafundisha mwenyewe wanaotaka kurudia mtihani. Kisha akamfuata kiranja kwa shangazi yake, fundi cherehani, akamkuta anapiga pasi mashati.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Ulisema kweli, nikakuita huna adabu."

Binti hakuinua macho. "Nimeshakusamehe, mwalimu. Lakini siku ile niliwaambia wenzangu tunyamaze tu. Na kweli tukanyamaza."

"Njoo Jumamosi."

"Nitaona."

Jumamosi walifika kumi na mmoja. Kiranja hakuwemo, wala Jumamosi iliyofuata, wala zote zilizobaki. Matokeo ya marudio yalipotoka, tisa walifaulu, na wazazi wakaja ofisini kumshukuru mwalimu mkuu asiyewatupa watoto wa watu. Rula aliwapa mikono, akatabasamu inavyopasa, na kila aliposifiwa akamkumbuka kiranja akipiga pasi mashati.