Bomba la Sadaka

Jirani yangu wa chumba cha uani alinigongea mlango saa tatu asubuhi, ameshika bonge la barafu kwa kitambaa. Anagandisha maji katika makopo ya lita mbili na kuwauzia wauza juisi wa hapa Kariakoo. Siku hiyo mteja mmoja alikuwa amemrudishia mzigo wote.

"Profesa, hebu tazama," alisema. Huniita profesa kwa kejeli, maana nasoma sana na chuo sikufika. "Mtu mzima na ndevu zake kaniambia mbele za watu nimekojolea barafu. Mimi!"

"Umekojolea?"

"Nitakupiga nalo."

Nililiweka bonge juu ya sinia jeupe. Nje lilikuwa safi kama kioo. Katikati, kutoka juu hadi chini, palikuwa na mstari wa manjano, kama utambi ndani ya mshumaa. Nusu ya jambo niliielewa. Maji yakiganda taratibu huanzia pembeni, na vitu vilivyoyeyuka ndani yake husukumwa katikati. Chumvi hufanya hivyo. Lakini chumvi haina rangi ile.

"Maji umechota wapi?"

"Bombani kwenu. Kwani kuna maji mengine?"

Bomba lenyewe ni la dada yangu mkubwa. Mama yetu alipofariki, dada alichimbisha kisima uani kwa mashine, akaweka pampu na tangi, kisha akapitisha mpira ukutani na kufunga koki upande wa barabarani, ili yeyote apitaye anywe bure. Ni sadaka inayoendelea: madhali mtu anakunywa, thawabu inamfikia mama kaburini. Wasukuma mikokoteni hunywa pale, mama lishe hujaza ndoo zao, wauza nguo wa kando ya barabara hujaza chupa. Kila Ijumaa dada huisugua koki ile kwa limau na majivu mpaka ing'are. Ana miaka sitini na kitu na magoti mabovu, lakini kazi hiyo hajawahi kumpa mtu mwingine.

Mimi ni fundi wa mizani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimerekebisha mizani za wauza nafaka, dagaa na misumari, na hiyo ndiyo sababu ule mstari wa manjano ulinikaa kichwani. Niliwahi kuuona mahali.

Nyuma ya nyumba yetu, kuta mbili kutoka kisimani, palikuwa na karakana ya kupaka vyuma kromiamu. Walipaka bampa za magari, miguu ya viti, vipini vya pikipiki. Mimi nilikuwa nawapelekea sahani za mizani zilizoshika kutu, nao walinirudishia zinameremeta hadi mteja akajitazama uso. Sahani ilitoka katika pipa la dawa, ikasuuzwa kwenye karai, na maji ya kusuuzia yalikuwa na rangi ya manjano kali, kama ya chai isiyo na maziwa iliyozidi maji. Karai likijaa, fundi alilimwaga kwenye shimo lililochimbwa nyuma, lisilo na sakafu. Shimo halikujaa hata siku moja. Nilisimama pale mara nyingi nikisubiri sahani zangu, nikaliona karai likimwagwa, na sikujiuliza maji yale yanaelekea wapi.

Yule fundi alikuwa na vidonda vya duara vidoleni ambavyo havikupona, na ukuta wa ndani ya pua yake ulikuwa umetoboka. Niliwahi kumuuliza. Akacheka: "Wenzangu wana matundu mawili, mimi nimejichanganyia yawe moja." Karakana ilifungwa miaka mingi iliyopita. Fundi alirudi kwao kusini, wala sikupata tena habari zake. Siku hizi pale ni stoo ya kava za simu.

Nilirudi kwenye vitabu vyangu, vile vya kemia nilivyonunua kandokando ya barabara, vingine havina majalada. Kromiamu inayong'arisha chuma haina neno ikiwa imetulia juu ya chuma. Lakini katika hali ambayo vitabu huiita kromiamu ya sita, ndani ya maji huyeyuka kabisa, hupita kwenye mchanga kama mchanga haupo, na huweza kukaa ardhini muda mrefu. Ikiwa kidogo haina ladha wala harufu. Ikinywewa kwa miaka inahofiwa kuleta saratani. Nilisoma ukurasa ule mara tatu, nikitafuta mahali ambapo nimeelewa vibaya.

Nilisuuza chupa mpya, nikajaza maji ya koki, nikapeleka maabara. Majibu yalipotoka, mpimaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, aliniuliza kabla hajanipa karatasi: "Baba, haya ni maji ya kiwandani?"

"Ya kunywa."

Akaishika ile karatasi kidogo. "Basi yasinywewe tena," akasema. "Hata leo."

Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Sikuwa na haraka ya kufika.

Dada alikuwa barazani anachambua mchele. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja kwamba mizani yake imekuwa ikidanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini sisi tunachemsha," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Ni kweli. Mwaka ule wa kuharisha niliwakusanya wapangaji wote uani nikawaambia wachemshe maji, yatokote hasa, wasiyaepue haraka. Wakanitii. Moto huua vidudu. Kromiamu haifi kwa moto kwa sababu haikuwa hai. Maji ndiyo yanayopungua kwa mvuke, kromiamu yenyewe inabaki sufuriani. Nilimwambia hivyo. Akaweka ungo chini.

"Sasa miaka yote hii mama amekuwa akipokea nini?"



Akasimama, akaenda uani, akazima pampu. Jioni alimwendea imamu. Aliporudi alisema imamu amemtuliza, amemwambia kinachoandikwa ni nia.

"Basi si umepata jibu, dada?"

"Nia yangu imeandikwa, alhamdulillahi. Na matumbo yao?"

Jirani wa barafu, ambaye alikuwa amemwaga makopo yake yote, alitoa ushauri uliokuwa na akili. "Bi Mkubwa, sema pampu imekufa. Watu wanaelewa pampu. Ukisema sumu, kesho mtaa mzima mgonjwa, na jina la mama yako linatajwa kila mtu akiumwa tumbo."

Niliunga mkono. Nilikuwa nimechoka, na pampu kufa ni jambo ambalo halihitaji maelezo. Maji yangefungwa, watu wasingekunywa, ingetosha.

"Mtu akinywa sumu mkononi mwako, unamwambia pampu?" dada aliuliza. "Yeye si ana haki ya kwenda kupimwa? Maji yalitoka kwa jina la mama. Mama hawezi kuwaomba radhi. Nitawaomba mimi, mmoja mmoja."

Asubuhi alitoa kigoda akakaa kando ya koki, na buibui lake, kama mtu aliyefiwa. Nilimtazama kutoka dirishani kwa karibu saa nzima. Mama lishe wa kona alifika na ndoo mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, maji haya yana sumu ya kiwanda. Tumepima. Nenda kajipime na wewe. Naomba uniwie radhi, mimi na marehemu mama yangu."

Mama lishe alitazama koki, akamtazama yeye, akacheka. "Sumu gani isiyoonekana, mama? Mbona mimi nanenepa tu? Fungulia bwana, wali wangu uko jikoni."

"Sifungui."

"Haya. Uchoyo umeanza lini tena?" Akaondoka anagonganisha ndoo.

Wa pili aliuliza kama tunataka kuanza kuyauza. Wa tatu aliketi ukingoni mwa barabara na kuhesabu kitu kwa vidole, nadhani miaka. Huyo ndiye aliyenitoa ndani.

"Dada, ingia upumzike. Nitaandika tangazo, nitalibandika."

"Si wote wanajua kusoma."

Nilichuchumaa karibu yake na kumwambia habari ya sahani. Kwamba nilikuwa mteja wa karakana ile, kwamba karai lilimwagwa mbele ya macho yangu, na nikaenda zangu na sahani inayong'aa. Nilimwambia kwa sauti ndogo. Hakunikaripia. Alivuta mguu wake unaouma ili nafasi ipatikane kando ya kigoda.

"Kaa hapo," alisema. "Anayefuata, mwambie wewe."

Aliyefuata alikuwa msukuma mkokoteni, mtu wa makamo yangu, shati limemganda mgongoni. Alikuwa akinywa pale tangu bomba lifungwe ukutani. Namfahamu kwa sura. Aliegesha mkokoteni wake wa marobota ya vitenge na kunyoosha mkono kwenye koki. Nilimzuia. Nikamweleza kila kitu, sumu, karakana, na mimi mwenyewe. Nikamwomba radhi. Ilinichukua muda, na yeye alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Nimesamehe," alisema mara nilipomaliza, bila kufikiri, kama anayeitikia salamu. "Nimekusamehe wewe, na mama, na marehemu. Sasa nikanywe wapi?"

Dada alinitazama. Ndani tulikuwa na ndoo mbili za maji ya mamlaka ya jiji, na mgawo wa mtaa wetu ungerudi keshokutwa. Niliingia, nikachota kikombe kimoja, nikakifunika kwa kiganja ili vumbi lisiingie.

Nilipotoka, nyuma ya mkokoteni walikuwa wamesimama watu wanne, kila mmoja na chupa tupu.