Tovuti Nne za Bi Bobini

Bi Bobini alirithi karakana ya kutengeneza vyerehani kutoka kwa baba yake. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu kila aliyeleta cherehani kibovu aliulizwa jambo moja kabla ya salamu kuisha: "Bobini umeitoa ukaiangalia?" Nusu yao walikuwa hawajaiangalia hiyo bobini, kigurudumu kidogo cha uzi wa chini.

Wateja walipopungua, mdogo wa mumewe, muuzaji wa kompyuta zilizotumika, alimfungulia tovuti. Mtu akitafuta fundi cherehani mtandaoni, tovuti hiyo ilitokea ya nne. Simu zikaanza kuingia na Bi Bobini akaridhika. Shemeji hakuridhika.

"Shemeji, ukurasa wa kwanza una nafasi kumi tu," alisema. "Tukizishika nne, wenzako watakaa wapi?"

"Na mimi nitakuwa watu wanne?"

"Wewe kazi yako kupokea simu."

Wakafungua nyingine tatu, kila moja na jina lake, rangi yake na namba yake ya simu. Maneno yalikuwa yale yale. Shemeji aligeuza "tunatengeneza" kuwa "tunarekebisha", na "haraka" kuwa "bila kuchelewa", basi. Baada ya miezi miwili, tovuti tatu kati ya nne zilikuwa ukurasa wa kwanza. Bi Bobini alibandika karatasi nyuma ya kila simu asije akakosea jina la kampuni.

Asubuhi moja mwalimu mkuu wa chuo cha ushonaji alipiga simu. Chuo kilikuwa na vyerehani arobaini vya kufanyiwa matengenezo, na utaratibu wao ulidai mafundi watatu walinganishwe. Bi Bobini akauliza maswali yake, akataja bei. Dakika tano baadaye simu ya pili ikalia. Sauti ile ile. Hapo angeweza kusema kweli. Badala yake aliibana sauti yake kidogo, akauliza yale yale, akataja bei ya juu zaidi.

Simu ya tatu ilipolia, alianza vizuri, kisha mazoea yakamponza.

"Bobini mmezitoa mkaziangalia?"

"Dada," mwalimu mkuu alisema, "swali hilo leo naulizwa mara ya tatu."

Akakata. Kazi ikaenda kwingine. Bi Bobini hakumwambia mtu kwa siku mbili. Alifungua mashine, akazifunga, na kwa mara ya kwanza hakumuuliza mteja chochote.

Wiki chache baadaye simu zenyewe zikapungua. Tovuti mbili hazikuonekana tena, na zile mbili nyingine zilishuka hadi ukurasa wa tatu. Shemeji alikesha akisoma, akaja na maelezo kama alivyoyaelewa: mtambo wa kutafuta ukikuta kurasa zinazofanana huchagua moja na kuziweka kando nyingine, tena sifa ambazo tovuti moja ingezikusanya zilikuwa zimegawanywa kwa nne.

"Kwa hiyo tulikuwa tunashindana na sisi wenyewe," alisema Bi Bobini. "Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umenishikisha nne."

Walifunga tatu, wakaelekeza anwani zake kwenye ile ya kwanza. Safari hii Bi Bobini aliandika mwenyewe: ukurasa wa cherehani kinachoruka mishono, wa uzi unaokatika, wa sindano inayovunjika kila mara. Shemeji alipotaka kuongeza "bora kuliko wote", alikataliwa.

"Lakini unawafundisha kujitengenezea," alilalamika.

"Watakaoshindwa watakuja."

Alikwenda pia chuoni kuomba radhi. Mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa amesimama, akamshukuru, akarudi darasani.

Kufikia mwisho wa mwaka tovuti ilikuwa ya sita kwa mtu anayetafuta fundi, lakini ya kwanza kwa anayeuliza kwa nini cherehani kinaruka mishono. Kazi ndogondogo zilipungua. Zilizokuja zilikuwa ngumu na zilimchukua muda. Chuo kilipotafuta fundi tena, alitaja bei mara moja tu, akawa wa pili, kazi akapewa mwingine. Miezi minne baadaye gari la chuo lilishusha vyerehani sita mlangoni, vile vilivyomshinda mshindi. Dereva aliomba sahihi, akaondoka. Bi Bobini akavuta cha kwanza mezani, akaanza kukifungua.